Cape Town ilipoanza kununua umeme wa mapaa: nani anapata nini

Mwanzoni mwa Januari 2023, meya wa Cape Town, Geordin Hill-Lewis, alitangaza kwamba jiji lake litaanza kuwalipa wakazi na wafanyabiashara fedha taslimu kwa umeme wa sola unaozidi mahitaji yao. Habari ilipofika huku kwetu, kwa njia ya simu kama habari zote siku hizi, ilikuwa imeshachujwa hadi ikabaki sentensi moja: Afrika Kusini ukifunga sola, serikali inakulipa. Mafundi wengi wa sola Dar es Salaam wameshaulizwa na wateja lini TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, nayo itaanza kulipa. Swali ni la haki kabisa, na ndiyo sababu kisa cha Cape Town kinafaa kufunguliwa mpaka ndani, kwa hesabu.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote katika historia ya mgao wa umeme Afrika Kusini. Eskom, shirika la taifa la umeme, lilikata umeme kwa zamu katika siku zaidi ya 300 za mwaka ule. Mgao wao hupangwa kwa madaraja, na daraja la 6 maana yake ni kwamba nyumba inaweza kukaa gizani hadi saa kumi kwa siku, kwa vipande vya saa mbili mbili na zaidi. Februari 9, Rais Cyril Ramaphosa alitangaza hali ya maafa ya kitaifa kwa sababu ya umeme. Wiki mbili baadaye waziri wa fedha, Enoch Godongwana, akaleta nafuu ya kodi kwa anayefunga paneli mpya nyumbani: asilimia 25 ya bei ya paneli, isizidi randi 15,000, kwa mwaka mmoja tu kuanzia Machi 1, 2023. Nafuu hiyo ilihusu paneli peke yake. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, na betri, ambavyo ndivyo vinavyokula fedha, havikuwemo.

Cape Town ilikuwa na nafuu kidogo kuliko miji mingine kwa sababu ya Steenbras, bwawa la kupandisha na kushusha maji lililoanza kazi mwaka 1979, lenye uwezo wa megawati 180. Maji hupandishwa bwawa la juu umeme ukiwa mwingi, kisha huteremshwa kuzalisha umeme saa za uhitaji. Kwa bwawa hilo jiji mara nyingi liliwaepusha wateja wake na daraja moja au zaidi la mgao. Kwa hiyo kila uniti ya mchana iliyotoka kwenye paa la mtu ilikuwa na maana kwa jiji, kwani ilipunguza mzigo na kuacha maji juu kwa ajili ya jioni.

Kuna jambo ambalo habari ya kwenye simu haikulibeba: wakazi wa Cape Town walikuwa wakiingiza umeme kwenye gridi ya jiji hata kabla ya 2023. Waliruhusiwa, walisajiliwa, na thamani ya umeme wao ilipunguzwa kwenye bili. Sharti lilikuwa moja, kwamba kwa hesabu ya miezi 12 mteja abaki mnunuzi, asiuze uniti nyingi kuliko alizonunua. Kilichobadilika ni kuondolewa kwa sharti hilo. Na ili liondolewe, jiji lilihitaji kibali cha Hazina ya taifa, maana kisheria manispaa inaponunua kitu inapaswa kutangaza zabuni, na huwezi kutangaza zabuni ya uniti kumi na tano za umeme wa mjane mwenye paneli sita. Hazina ikatoa msamaha. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na ushujaa wa kiutawala, ingawa hakuna aliyepiga picha.

Bei iliyotangazwa ilikuwa senti 78.98 za randi kwa uniti, iliyopitishwa na NERSA, mdhibiti wa nishati wa nchi hiyo, na jiji likaongeza motisha ya senti 25 kutoka kwake. Jumla ni takriban randi 1 na senti 4. Wakati huohuo mwenye nyumba alikuwa ananunua uniti hiyohiyo kutoka kwa jiji kwa bei ya kati ya randi 2 na nusu na randi 4, kutegemea kundi lake na matumizi yake. Lishike pengo hilo, msomaji, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Sasa tutengeneze nyumba ya mfano kwa vipimo vya kawaida vya mji ule. Familia ya watu wanne katika vitongoji, matumizi uniti 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Wanafunga paneli kumi za wati 550, inveta ya kilowati 5 na betri ya uniti 5. Mwaka 2023 mfumo kama huo ulikuwa karibu randi 150,000, ambazo kwa thamani ya wakati ule ni kama shilingi milioni 20 za Tanzania. Cape Town ina jua zuri, kilowati moja ya paneli hutoa takriban uniti 1,600 kwa mwaka zikielekezwa kaskazini, maana kule kusini ya ikweta jua la mchana liko kaskazini. Kwa hiyo paa hili linatoa kama uniti 8,800.

Ukiangalia juujuu utasema: wanazalisha 8,800, wanatumia 7,200, hawadaiwi tena na mtu. Lakini jua haliji saa wanayolihitaji. Saa sita mchana baba na mama wako kazini, watoto shuleni, ndani kuna friji na taa ya kengele ya wezi. Saa moja jioni jiko limewashwa, maji ya kuoga yanachemka, televisheni inaongea, na paneli zimelala. Betri inabeba sehemu tu ya mchana kwenda jioni. Halafu kuna majira: Desemba na Januari kule ni kiangazi, jua mpaka saa mbili usiku, na paa linamwaga umeme, Juni na Julai ni mvua na mawingu ya Atlantiki, na uzalishaji unashuka sana wakati ambapo hita za nyumba ndiyo zinawaka.

Tuseme kwa yote hayo nyumba inafaulu kutumia yenyewe uniti 4,800 za jua, inauza 4,000, na bado inanunua 2,400 za usiku na za miezi ya mvua. Kwa bei ya kununulia ya randi 3, uniti 4,800 ambazo haikuzinunua zimeiokolea randi 14,400. Uniti 4,000 ilizouza zimeiletea randi 4,160. Jumla randi 18,560 kwa mwaka, na zaidi ya robo tatu ya fedha hizo haikuja kama malipo bali kama bili ambayo haikulipwa. Mapato ya kuuza, yale yaliyotangazwa kwa shangwe, ni kama shilingi 550,000 zetu kwa mwaka mzima. Kwa mwezi ni chini ya shilingi 50,000.

Tena hata hizo si zote zilizotokana na tangazo la Januari. Chini ya sharti la zamani nyumba hii ingehesabiwa mauzo hadi ilingane na manunuzi yake, yaani uniti 2,400. Uamuzi mpya uliifungulia uniti 1,600 za ziada, ambazo kwa bei ya randi 1.04 ni randi 1,664 kwa mwaka, na juu yake ile motisha ya senti 25 kwenye uniti 2,400 za mwanzo, randi 600. Hiyo ndiyo tofauti ambayo meya alimletea mwenye nyumba huyu. Ni kitu, na sidharau. Ila mtu akikushawishi uuze shamba ufunge sola kwa ajili ya tofauti ya namna hiyo, mwombe kwanza akupigie hesabu mbele yako.

Kabla ya kupokea randi ya kwanza, mwenye nyumba wa mwaka 2023 alikuwa na njia ya kupita. Anaomba kibali kwa jiji kabla ya kufunga. Inveta yake lazima iwe kwenye orodha ya jiji ya inveta zilizopimwa, kwa sababu umeme wa gridi ukikatika ni lazima iache kusukuma umeme nje papo hapo, la sivyo fundi wa jiji aliyepanda nguzoni akiamini waya umekufa atauawa na paneli za mtu. Mhandisi aliyesajiliwa anatia saini. Hati ya usalama wa nyaya inatolewa. Mita ya zamani inang'olewa, inawekwa inayosoma pande zote mbili, kwa gharama ya mteja. Ukijumlisha mita na mhandisi, mauzo ya mwaka wa kwanza yanakwisha hapo, na ya mwaka wa pili yanaweza kuguswa. Familia nyingi zilifunga sola bila kusajili kabisa, na siwalaumu sana kwa upande wa fedha, lakini kwa upande wa yule fundi wa nguzoni nawalaumu.

Sharti hilo la usalama lina matokeo ambayo wengi hawakuyategemea. Wakati wa mgao nyumba haiuzi. Gridi ikizimwa mchana wa jua kali, umeme wa ziada hauna pa kwenda. Betri ikijaa, inveta inapunguza paneli zenyewe. Kwa nyumba isiyo na betri ni zaidi ya hapo, inveta ya kutegemea gridi inazima kila kitu na mwenye paneli kumi anakaa gizani sawa na jirani asiye na hata moja. Kwa hiyo katika mwaka ule wa mgao mkubwa, ambao ndio uliowasukuma watu kununua, saa za kuuza ndizo zilizopungua. Watu wa Cape Town walinunua betri ili wapate taa, na kwa hilo betri ilistahili bei yake. Kama chombo cha mapato ilichelewesha tu fedha kurudi.

Bado hatujagusa mkopo, na huko ndiko wengi walikoumia. Kuanzia Mei 2023 riba ya msingi ya mabenki Afrika Kusini ilikuwa asilimia 11.75, na ikakaa hapo hadi Septemba 2024. Mtu aliyekopa randi 150,000 kwa riba hiyo, alipe kwa miaka kumi, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni karibu randi 17,000. Linganisha na randi 18,560 ambazo paa linamletea. Mwaka wa kwanza sola yake inafanya kazi ya benki. Aliyelipa kwa akiba yake anarudishiwa mtaji kwa miaka minane hivi, na paneli zikiwa nzuri zinaendelea zaidi ya miaka ishirini, hata kama betri na inveta zitabadilishwa njiani. Paa ni lilelile, jua ni lilelile. Mmoja anapata na mwingine anasubiri, tofauti ni fedha ilitoka wapi. Na ile nafuu ya kodi? Paneli kumi zikiwa zimegharimu randi 30,000, inarudi randi 7,500. Kufikia ile 15,000 ya kwenye vichwa vya habari ungehitaji paneli za randi 60,000.

Sasa turudi kwenye pengo la bei. Kwa nini jiji likuuzie kwa randi 3 na kukununulia kwa 1? Wakazi wengi waliona ni dhuluma. Mimi sioni hivyo. Bei ya kununulia umeme kwenye mita ina ndani yake nguzo, nyaya, transfoma, mafundi wa zamu ya usiku, wizi, na madeni mabaya. Umeme wenyewe ni sehemu tu. Jiji hununua kwa jumla kutoka Eskom kwa bei inayobadilika kwa saa na kwa majira: asubuhi na jioni za Juni hadi Agosti bei hupaa mara kadhaa, mchana wa Desemba hushuka. Na paa linauza lini? Mchana wa Desemba, pamoja na mapaa mengine yote. Ni kama kupeleka nyanya sokoni wiki ambayo bonde zima limevuna. Jiji likizinunua kwa bei ya rejareja, litakuwa linatoa sadaka.

Na sadaka hiyo ingetoka kwa nani? Hapa ndipo ninapoumia. Afrika Kusini, manispaa hutegemea faida ya umeme kuendesha shughuli nyingine, na tangu 2003 iko sera ya taifa ya kuwapa familia maskini uniti 50 za bure kila mwezi. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa wateja wakubwa, walewale wenye mapaa mapana ya vigae, wenye akiba, wanaokopesheka. Wakifunga sola wananunua uniti chache, lakini waya unaofika kwao bado ni uleule na wanautegemea kila usiku. Gharama ya waya inabaki kwa nani? Kwa aliye kwenye nyumba ya mabati ya kuungaunga ambako paneli haiwezi hata kufungwa, na kwa mpangaji wa chumba ambaye paa si lake. Zaidi ya hayo, baadhi ya maeneo ya Cape Town huuziwa umeme na Eskom moja kwa moja, si na jiji, kwa hiyo tangazo la meya halikuwahusu wakazi wake kabisa. Mpango wa kuwalipa wenye mapaa ni mzuri ukiendeshwa kwa bei ya haki. Ukiendeshwa kwa bei ya kupendeza wapiga kura, ni uhamishaji wa fedha kutoka bondeni kwenda mlimani.

Jibu la mashirika ya umeme lilikuja, na lilikuwa la kutabirika. Kuanzia Aprili 2025 Eskom ilitenganisha bei za baadhi ya wateja wake wa majumbani, ikaweka tozo za kudumu za kila mwezi kando na bei ya uniti. Tozo ya kudumu haipungui ukifunga paneli. Uniti ikishuka bei na tozo ikipanda, ile randi 14,400 ya kutonunua inapungua bila mtu kugusa paa lako. Kila anayepiga hesabu ya miaka ishirini kwa kutumia bei ya leo anapaswa kukumbuka kwamba mpangilio wa bili uko mikononi mwa upande wa pili, na hata motisha ya senti 25 ilikuwa uamuzi wa baraza la jiji, si mkataba wa maisha. Mgao nao ulisimama Machi 26, 2024, ukarudi kwa vipindi vifupi mwanzoni mwa 2025. Aliyenunua kwa hofu ya giza alijikuta na betri isiyo na kazi kubwa, ndipo akaanza kuuliza kuhusu mapato.

Kuna jambo moja ambalo familia yetu ya mfano ingeweza kufanya, nalo lina thamani kuliko ugomvi wote wa bei. Afrika Kusini nyumba nyingi zina tangi la maji ya moto la umeme, na tangi hilo mara nyingi ndilo linalokula umeme kuliko kifaa kingine chochote ndani ya nyumba. Kwa kawaida huchemsha alfajiri na jioni. Likifungwa saa ya kujiwasha, lichemshe kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, maji hubaki ya moto hadi usiku. Tuseme hivyo zinahamishwa uniti 1,000 kwa mwaka kutoka kwenye mauzo kwenda matumizi ya ndani. Kila moja ilikuwa inauzwa kwa 1.04, sasa inaokoa 3. Ni karibu randi 2,000 kwa mwaka, karibu na yote ambayo tangazo la Januari liliwaongezea, kwa kifaa cha bei ndogo na bila kujaza fomu.

Huku kwetu sheria haikosekani. Kenya iliweka kifungu cha kuingiza umeme kwenye gridi katika Sheria ya Nishati ya 2019, kwa mitambo isiyozidi megawati 1, na kanuni zake zikatoka 2024. Tanzania ina kanuni za EWURA, mdhibiti wa nishati, za tangu 2018, kwa ukomo huohuo. Kinachotofautiana na Cape Town ni bei ya umeme wenyewe na saa unayotumika.

Chukua nyumba ya Tanzania iliyo kwenye kundi la D1, ambalo hutozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Akitumia zote 75, luku yake ya mwezi ni shilingi 9,150. Hata paa likifuta bili yote hadi sifuri, ni shilingi 109,800 kwa mwaka. Hakuna mfumo wa sola wa kweli unaojilipa kwa fedha hiyo, na akiuza haitakuwa kwa bei inayozidi anayonunulia. Mtu wa D1 anayetaka sola kwa ajili ya taa siku umeme ukikatika afunge ndogo ya kutosha taa, simu na feni, aihesabu kama gharama ya raha yake, basi.

Duka la vinywaji baridi Mbagala ni hesabu nyingine kabisa. Lipo kwenye T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, na pamoja na VAT na tozo ni 356. Friji zake tatu zinanguruma mchana kutwa, saa zilezile za jua, na jua likizidi ndipo zinapofanya kazi zaidi. Zikila uniti 10 kwa mchana mmoja, ni shilingi 3,560 kwa siku, kama milioni 1.3 kwa mwaka. Paneli za kilowati 3 juu ya bati la duka hilo zinaweza kutoa uniti hizo siku nyingi za mwaka, bila betri, bila mita ya pande mbili, na bila kumuuzia mtu hata uniti moja. Mfumo ukigharimu milioni 5 au chini yake, fedha inarudi kabla ya mwaka wa nne kuisha, mradi mwenye duka ni mwenye jengo, au amekubaliana na mwenye jengo kwa maandishi nani ataondoka na paneli mkataba wa pango ukiisha.